Kupiga Piano na Vijana Wetu

Mara nyingi twawasikia wazee wakinung'unika ya kuwa vijana hawapendi tena kujifunza piano na kinanda. Katika somo hili na tulichunguze neno hilo: je, ni mapenzi ya muziki yaliyopungua, au ni kitu kingine?

1. Chombo chenyewe. Piano ilitengenezwa kwanza na fundi Bartolomeo Cristofori huko Florence, Italia, karibu na mwaka 1700. Katika vinanda vya nyuzi vya kabla yake, hata ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti haikubadilika sana. Cristofori alitia nyundo ndogo za kupiga nyuzi, hata sauti ikawa ndogo au kubwa kama kidole kipendavyo. Basi chombo hiki hutii mkono; lakini mkono usiofundishwa hauna la kukiamuru.

2. Kilichopungua. Mwaka 1909 viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Siku zile mtu aliyetaka muziki nyumbani hakuwa na budi kuupiga mwenyewe, au kumwomba nduguye ampigie. Kisha zikaenea gramafoni na redio, na kusikia hakukuhitaji tena kujifunza. Leo kijana anazo nyimbo za dunia nzima katika simu yake, na kinanda cha umeme kina kitufe kiletacho ngoma na besi bila kazi ya mkono. Hatuvilaumu vyombo hivi. Piano ni nzito, na unyevu wa pwani huiharibu. Kinanda cha umeme hufika isipofika piano. Lakini mwangalieni kijana huyo huyo jioni katika mazoezi ya kwaya: husimama saa nyingi wala haoni uchovu. Mapenzi yapo, basi. Kilichopungua ni mwalimu, saa ya mazoezi, na ruhusa ya kukigusa chombo.

3. Mfano wa Bach. Johann Sebastian Bach alizaliwa Eisenach mwaka 1685, akawa yatima kabla kidogo ya kutimiza miaka kumi. Kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa kanisa huko Ohrdruf, alimchukua akamfundisha. Naye Bach, mwaka 1720, alimwanzishia mwanawe Wilhelm Friedemann, mtoto wa miaka tisa, kitabu kidogo cha mazoezi. Humo aliandika nyimbo fupi za sauti mbili, na mwaka 1723 akazipanga 15 kwa ajili ya wanafunzi. Ndani yake mkono wa kushoto si mtumwa wa ule wa kuume. Yote miwili huimba. Twaona ya kuwa mwalimu mkuu hakudharau kuwaandikia wanaoanza, na ya kuwa yeye mwenyewe alikuwa amepokea kwanza kwa ndugu yake.

4. Yatupasayo. Mahali pengi kinanda hufungwa kwa ufunguo tangu Jumapili hata Jumapili, kisiharibike. Sababu twaielewa. Lakini mpigaji mmoja akihama au akifariki, usharika wote hubaki kimya mbele ya chombo kizima. Kwa hiyo na wachaguliwe vijana wawili, wapewe nusu saa kila siku chini ya uangalizi wa mtu mzima. Waanze na wimbo waujuao kwa solfa: kwanza sauti ya juu kwa mkono wa kuume, halafu besi kwa mkono wa kushoto, mwisho mikono yote pamoja, polepole, bila kitufe cha ngoma. Wakosee, wala wasichekwe. Udongo uwahi ungali maji.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
Katika usharika wetu, ni nani awezaye kupiga kinanda, na ni nani anayejifunza kwake?
Ufunguo wa kinanda u kwa nani, naye huufungua lini?