Umerudi Dunga: Kijitabu kwa Waliojitolea Ng'ambo na Jamaa Zao

Kisumu imezoea wageni wanaojitolea. Kijana wa Ulaya hufundisha hesabu kwa miezi michache, mwingine husaidia kwenye zahanati, mwingine hushinda kwenye daraja la mbao hapa Dunga akitazama ndege wa mafunjo. Akikaribia kuondoka huenda kwa mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kikundi na ombi moja: aandikiwe barua. Tunamwandikia, tunagonga muhuri, anaondoka nayo. Kwao barua hiyo humsaidia kuingia chuo au kupata kazi.

Siku hizi vijana wetu nao huenda. Kuna waliopitia Umoja wa Mataifa, ambao ulianzisha mpango wake wa watu wa kujitolea, UNV, mwaka 1970. Kuna wa kikosi cha vijana cha Umoja wa Afrika, kilichozinduliwa 2010 kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 35. Wengine huenda Ujerumani kuhudumu kwenye makao ya wazee na shule za chekechea, hasa tangu mpango wa weltwärts ulipoanza kupokea vijana kutoka nchi za Kusini mwaka 2013. Wanarudi na masweta mazito na simu iliyojaa picha. Barua hawana. Sisi tuliowaandikia wageni miaka yote hii tulisahau kuwafundisha watoto wetu kuomba yao.

Kujitolea ni kazi

Mwajiri akiona neno "kujitolea" kwenye wasifu, mara nyingi huhesabu mwaka ule kama mwaka mtupu. Huko kwingine jambo hili limeshughulikiwa zamani. Peace Corps ya Marekani, iliyoundwa 1961, humwekea mtumishi wake fedha kila mwezi na kumkabidhi anapomaliza, kisha humwezesha kuajiriwa kwenye baadhi ya kazi za serikali kuu bila kupitia ushindani wa kawaida. Japani ilianza kutuma vijana wake 1965, na shirika la JICA lina washauri wa ajira kwa wanaorejea. Mpango wa Norway, ambao leo unaitwa Norec, tunaupenda zaidi: mfanyakazi huazimwa na shirika lake la nyumbani kwenda kwa shirika la nchi nyingine, na muda ukiisha hurudi palepale alipotoka. Kiti chake kinamngoja.

Mtoto wa Dunga anayekwenda peke yake hana kiti kinachomngoja. Kwa hiyo matayarisho ya kurudi ayaanze akiwa bado huko.

Kabla hujapanda ndege

Omba barua ya msimamizi wiki nne au tano kabla ya kuondoka. Siku ya kufunga mizigo msimamizi ana haraka, nawe una machozi. Barua itaje tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi kwa wiki, majukumu yako, na jinsi ulivyoyatekeleza. Kama ulikuwa Ujerumani katika utumishi wa kujitolea wa shirikisho, ule ulioanza 2011, sheria ya utumishi huo inakupa haki ya cheti cha maandishi mwishoni. Kidai kwa adabu, lakini kidai. Ukikipata kwa Kijerumani, tafuta tafsiri iliyothibitishwa.

Chukua pia cheti cha tabia njema cha polisi wa nchi uliyohudumu, hasa kama ulikuwa na watoto au wazee. Kukitafuta ukiwa Kisumu ni safari ya ubalozini na barua pepe zisizojibiwa.

Lugha nayo ifanyiwe mtihani mapema. Kijerumani ulichokizungumza jikoni mwa makao ya wazee kitafifia ukikaa Nyalenda mwaka mzima. Mtihani unaweza kuufanya hata Goethe-Institut, Nairobi, lakini angalia tarehe: taasisi nyingi hutaka cheti kisichozidi miaka miwili.

Ukishafika

Anza na KRA. Vijana wengi walifungua PIN wakiwa chuoni, wakasafiri, wakasahau kwamba ritani hutakiwa kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni hata kama hukupata shilingi moja. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni Sh 2,000 au zaidi kwa kila mwaka, na bila kuimaliza hupati cheti cha kuonyesha kwamba hudaiwi ushuru, ambacho waajiri wengi wa umma hukitaka. Kama una mkopo wa HELB, waandikie ueleze hali yako. Ukimya ndio unaokuza deni.

Kisha utafute namna ya kutambuliwa kwa ujuzi wako. Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, iliundwa kwa sheria ya 2014, na miongoni mwa kazi zake ni kulinganisha vyeti vya nje na ngazi za hapa. Kenya pia ina utaratibu wa kupima ujuzi alioupata mtu kazini bila kupitia darasani; ofisini utausikia ukiitwa RPL. Aliyejenga visima Malawi au kupika kwa watu mia moja kila siku hahitaji kuanza upya kama mwanafunzi. Kwa kazi za mikono, mtihani wa ufundi wa NITA una daraja la tatu, la pili na la kwanza, na NITA ina kituo chake hapahapa Kisumu. Uliza kwanza ada na tarehe za mtihani.

Kwenye wasifu wako, usiandike "nilisaidia wazee". Andika jinsi ilivyokuwa: kwa miezi 12, zamu ya asubuhi, uliwaogesha na kuwalisha wazee wangapi, ulijaza daftari gani, ulimwarifu muuguzi yupi hali ilipobadilika. Mwajiri anayesoma hayo anaona mtu anayeweza kuachiwa zamu.

Kuna watakaotaka kurudi ng'ambo kama wafanyakazi. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira Septemba 2024, na uzoefu ulioandikwa pamoja na cheti cha lugha vina uzito. Mawakala nao wameongezeka. Kabla ya kumlipa yeyote, hakikisha kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kwa mama, baba na wajomba

Hapa tunaomba mtusikilize, wazee wetu. Mlimchangia nauli kwa harambee, mkamwombea kanisani, mkamsindikiza hadi steji ya basi. Alikokwenda hakulipwa mshahara. Alipewa chakula, kitanda na posho ya matumizi. Anaporudi, swali la kwanza analokutana nalo njiani ni, "Omera, umetuletea nini?" Akirudi kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena ukiwa umefungwa na nyumba haina fedha, swali hilo humchoma zaidi. Tumewaona vijana wanaojificha kwa shangazi mjini kwa sababu ya aibu, na muda wa kutafuta kazi ukawapita humo.

Kama amepewa posho ya kumaliza, kama UNV inavyofanya, fedha hizo ni nauli ya usaili, ada ya mtihani na chakula cha miezi mitatu ya kutafuta. Zikigawanywa wiki ya kwanza, ya pili ataanza kukopa. Muulizeni alifanya kazi gani. Mwacheni aeleze hadi mwisho, hata kama hadithi ina theluji nyingi.

Na wewe uliyerudi, kabla ya kukimbilia Nairobi, shuka ufukweni. Wanaotembeza wageni kwenye mafunjo ya Dunga hupokea watu wa lugha nyingi. Anayeweza kumweleza Mjerumani kwa Kijerumani tofauti ya ngege na mbuta ana jambo la kuzungumza na kikundi cha waongozaji. Nenda asubuhi, boti zikirudi. Beba vyeti vyako kwenye bahasha isiyoingia maji.