SOMO: PROGRAMU MBILI, JEDWALI MOJA



Wamoja wa klasi za juu walituuliza hivi: programu mbili za intaneti, kila moja na kazi yake, zinaweza kutumia jedwali moja la habari? Zinaweza. Lakini iko na masharti, na sharti moja ni kubwa kuliko yote.

Jedwali ni sawa na kaye ya majina ya mwalimu: kila mustari ni mutu mumoja, na kila safu ya kusimama ni habari yake, kama namba, jina, klasi. Bwana Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi kwa IBM kule Marekani, alitoa mpango huu mwaka 1970. Hata katika kichwa cha andiko lake alitia neno la kushirikiana habari. Basi ulizo lenu haliko jipya.

Tuchukue mufano wa shule. Programu ya kwanza iko kwa mutunza feza, inaandika minervali. Ya pili ni ya walimu, inaandika pointi. Zote mbili zinahitaji majina ya wanafunzi. Kama kila moja iko na orodha yake, huku dada mumoja anaitwa Furaha, kule Fulaha. Kijana amehamia 3B, lakini kwa mutunza feza angali 3A. Nani anasema kweli? Juu ya hiyo tunataka jedwali moja.

Katika PostgreSQL, hifadhidata moja, ndiyo ghala ya habari, inagawanywa vyumba vinavyoitwa skema. Wanafunzi katika chumba kimoja, minervali katika kingine, pointi katika kingine. Jedwali la pointi linaweza kufungwa kwa namba ya mwanafunzi hata akiwa katika chumba kingine, na hapo mashine yenyewe inakataa pointi za mutu asiyekuwako. Lakini kama ni ghala mbili mbalimbali, ile kamba haifungiki. Njia ya pembeni iko, inaitwa postgres_fdw, nayo inakuwezesha kusoma na kuandika ng'ambo, lakini kamba haikupi.

Sasa lile sharti kubwa: jedwali liwe na mwenyewe mumoja. Munayajua mahubiri juu ya mutumishi na mabwana wawili. Jedwali nalo ni vile vile. Tuseme sekretere ndiye mwenye orodha ya wanafunzi, kwa programu ya minervali. Ile ya pointi ipewe ruhusa ya kusoma tu. Amri yake ni GRANT SELECT kwa jedwali, pamoja na GRANT USAGE kwa chumba chake. Na kama imetungwa kwa Django, tunaandika managed = False, ili isijaribu kuumba wala kugeuza jedwali lisilo lake.

Kwa nini ukali huu? Siku ya posho fundi wa programu ya kwanza anageuza jina la safu, «klasi» inakuwa «darasa». Kwake yote inaenda vizuri. Siku ya kwanza walimu wanafungua yao: haifanyi kitu, inatafuta «klasi» isiyoko tena. Dawa ni kuweka dirisha, ndiyo ulizo lililohifadhiwa ambalo programu ya pili inaliona kama jedwali. Fundi ageuze ndani namna anavyotaka, mradi dirisha lionyeshe majina yale ya zamani.

Wenye WordPress waangalie hapa. Maskani mbili zinaweza kushirikiana jedwali la watumiaji kwa kuandika CUSTOM_USER_TABLE na CUSTOM_USER_META_TABLE. Lakini cheo cha mutu kinaandikwa pamoja na herufi za mwanzo za maskani yake. Basi anaingia mulango wa pili kwa neno la siri lile lile, halafu anakuta hana kazi humo ndani.

Na kama zote mbili zinaandika? Deni la mwanafunzi ni 60 000. Programu A inasoma 60 000, inapokea 20 000, inataka kuandika 40 000. Wakati ule ule B ilisoma 60 000, ilipokea 10 000, inaandika 50 000 nyuma ya A. Deni linabaki 50 000, na zile 20 000 za muzazi zimepotea bila mwizi! Inafaa kuiambia ghala yenyewe ipunguze 20 000 kutoka deni lililoko sasa, isiwe programu kuleta hesabu iliyofanya pembeni. Bora zaidi, kila malipo yapate mustari wake, na deni lihesabiwe wakati wa kuuliza.

Wengine wanakataa kabisa kushirikiana jedwali: programu ya pili iulize ya kwanza kwa njia ya intaneti. Kwa kazi kubwa wana haki. Lakini ile ya kwanza ikizimika, ya pili nayo inakaa bila majina. Kwa shule yenye mashine moja sisi tunaona ruhusa ya kusoma na dirisha vinatosha.

Maulizo ya kujibu katika kaye: Katika mufano wa deni, lingebaki ngapi kama B ingeandika mbele na A nyuma? Na programu ya maktaba ikija kuwa ya tatu, mutaipa ruhusa gani, na kwa jedwali gani?