Kuchagua Ngoma za Umeme kwa Mazoezi na kwa Ibada

Wanafunzi wenzangu,

Tangu kwaya yetu ilipoanza kuchanga fedha, wengi wenu mmeniuliza ni ngoma gani za umeme zifaazo kununuliwa. Naona afadhali niwajibu wote hapa mara moja. Tena nina deni la kulipa. Mwaka juzi, wakati wa likizo, kanisa la mtaani kwetu lilinikabidhi kazi hiyo hiyo ya kuchagua, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa mpigaji, nami nilikosea. Akina mama walikuwa wameuza maandazi na karanga kwa miezi minane. Mimi nikaingia dukani, nikaona seti yenye taa nyingi na sauti zaidi ya mia tatu, moyo wangu ukaridhika pale pale. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda chenyewe tulikiona Jumapili ya kwanza.

JINSI ZINAVYOFANYA KAZI

Ngoma ya kawaida hulia kwa sababu ngozi yake hutetemeka na kutikisa hewa. Ngoma ya umeme sivyo. Chini ya uso wake mna kisahani chembamba, mfano wa sarafu, ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo. Tabia hiyo ya baadhi ya mawe ya fuwele iligunduliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Umeme huo hupita katika waya mpaka kwenye kisanduku, nacho hupima nguvu ya pigo, kisha hutoa sauti iliyohifadhiwa ndani yake: ya ngoma kubwa, ya matoazi, hata ya kengele.

Basi tushike neno hili, maana mengine yote yatoka hapo: ngoma za umeme zina mahali pawili, mahali panapopigwa na mahali panapotoa sauti. Anayenunua pa kwanza tu amenunua nusu ya ngoma.

Ndivyo nilivyofanya mimi. Tuliunganisha seti yetu na spika ndogo iliyotumika kwa mahubiri. Ngoma ya mguu ikalia kama mtu agongaye sanduku la karatasi, na nilipoongeza sauti, spika ikakoroma. Mzee mmoja wa kanisa akanijia taratibu, akaniambia, "Mwanangu, hebu pumzika kwanza." Nyimbo zikaendelea kwa makofi. Akina mama hawakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

La kwanza ni uso unaopigwa. Mwaka 1981 kampuni ya Simmons ya Uingereza ilitoa ngoma za umeme zilizopata sifa sana, lakini uso wake ulikuwa mgumu, na wapigaji walilalamika maumivu ya vifundo vya mikono. Mwaka 1997 Roland ya Japani ilitoa ngoma zenye uso wa wavu uliokazwa kama ngozi. Siku hizi kampuni nyingi hutengeneza za wavu, na za mpira zipo pia kwa bei nafuu. Wavu hurudisha fimbo vizuri na haupigi kelele nyingi. Fedha zikiwa chache, angalau ngoma ile ya katikati, iitwayo snea, iwe ya wavu, maana hiyo ndiyo mkono unayoipiga zaidi.

La pili ni mguu. Seti nyingine hazina nyundo ya kupiga ngoma kubwa, bali zina pedali inayobonyezwa tu. Mwanafunzi akijifunza kwa pedali hiyo, mguu wake utababaika siku atakapokalia ngoma kamili. Tazama pia matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu. Yabonyeze nusu: je, unasikia sauti ya nusu, au kuna wazi na kufungwa tu? Wapigaji wa kwaya huitumia sana ile nusu.

La tatu ni pigo dogo. Waache wengine wapige kwa nguvu ili wasifiwe. Wewe anza kugusa kwa ncha ya fimbo, kisha ongeza polepole mpaka pigo kubwa. Sauti nayo ipande polepole. Ikiruka ghafula kutoka ndogo hadi kubwa, seti hiyo haitakufaa wakati wa sala, pale unapotakiwa kunong'ona. Kisha piga pedi moja kwa nguvu, uone kama jirani yake nayo yalia bila kupigwa.

La nne ni matundu ya waya nyuma ya kisanduku. Seti ya mazoezi huweza kuwa na tundu la hedifoni tu. Seti ya kanisani yapasa iwe na matundu makubwa ya kutolea sauti, la kushoto na la kulia. Kama mixa yenu ina nafasi moja tu, tafuta tundu la kushoto lililoandikwa pia "mono", mchomeke waya humo peke yake. Mkitumia lile la kulia tu, baadhi ya ngoma zitasikika kwa mbali au zisisikike kabisa.

KWA MAZOEZI

Watu husema ngoma za umeme hazina kelele. Ni kweli kwa masikio ya jirani wa upande, si kwa jirani wa chini. Pigo la mguu hupita sakafuni. Sisi wa bweni la ghorofa tuwahurumie wenzetu: wekeni zulia zito, au fanyeni kama wafanyavyo wapigaji wengi, mbao mbili pana na mipira ya tenisi katikati yake.

Masikio yako mwenyewe nayo yanahitaji huruma. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilithibitisha kipimo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu. Hivyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30, na 100 ni dakika 15. Ngoma kamili katika chumba kidogo hupita 100 bila shida. Kwa hiyo ngoma za umeme zaweza kuwa dawa, lakini ukizidisha sauti katika hedifoni, umeugeuza ugonjwa jina tu.

KWA IBADA

Fedha mzigawe mafungu matatu: mawili ya ngoma, moja la spika na nyaya. Spika ya ngoma iwe pana, inchi 12 au 15, la sivyo ngoma kubwa haitasikika. Iwekwe karibu na mpigaji, wala si mwisho wa kanisa. Hesabu ni hii: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Spika iliyo mita 17 kutoka kwa mpigaji humfikia baada ya sekunde 0.05. Ni kidogo, lakini mpigaji huanza kungoja pigo lake mwenyewe, na wimbo wote huzidi kuwa mzito kama gari la ng'ombe matopeni.

Adapta ya umeme iwe ile ile iliyotoka na seti. Volti zikitofautiana, au alama za chanya na hasi zikigeuka, kisanduku huweza kuungua mara moja.

Mwisho, ngoma za ngozi zisiondolewe kanisani. Ngozi huanikwa juani ikalia; kisanduku bila umeme ni bubu, na sote twajua jinsi umeme ukatikavyo hapa Uganda. Umeme ukizimika katikati ya wimbo, awepo mtu aliyekaa karibu na ngoma ya ngozi, aipokee mdundo kabla waimbaji hawajageuza shingo.

Ile seti niliyoichagua vibaya haikutupwa. Imewekwa katika chumba cha nyuma cha kanisa, na watoto watatu hujifunza kwayo kwa hedifoni kila Jumamosi. Kumbe ilikuwa nzuri kwa mazoezi. Ubaya ni kwamba mimi niliinunua kwa ibada. Nimekwisha kumwomba mhazini wa kwaya yetu tusiende dukani chini ya watu wawili: mmoja apige, na mwingine asimame mbali asikilize. Tena tuchukue spika yetu wenyewe, tuijaribu huko huko kabla ya kutoa hata shilingi moja. Muuza duka akikataa, tuage kwa adabu, twende duka la pili.