Nyanya zinapukutisha maua

Swali: Naishi Tanga. Kila joto la kaskazi likianza, mwezi Desemba, nyanya zangu huchanua vizuri kisha maua hupukutika. Je, ni ugonjwa? Nipande nini?

Jibu: Si ugonjwa, ni joto. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya 21 hivi, chavua ya nyanya hudhoofika na ua hudondoka kabla ya kushika tunda. Usipoteze fedha kwa dawa. Yurea nayo, ambayo majirani hawachoki kuipendekeza, itakupa majani tu. Nyanya zisubiri kipupwe: sia mbegu kitaluni Mei, hamisha miche Juni, masika yakishapungua.

Kwa sasa panda bamia, kunde na matembele. Mbegu za bamia ziloweke usiku kucha. Mchicha pia utakubali, mradi uuvune wiki ya tatu au ya nne, kabla haujatoa maua.

Mwagilia alfajiri, maji yazame hasa. Ukirashia juu juu, mizizi hubaki juu, udongo unakochomwa na jua. Kisha tandaza nyasi kavu. Kichanja cha makuti kinafaa kwa miche michanga tu, maana bamia ya kivulini hurefuka bure.