TAI HANG'OI MDOMO WAKE

Soma: Zaburi 103:5, Isaya 40:31



Bila shaka umeisikia hadithi hii mkutanoni: eti tai akifikisha miaka 40 hupanda mlimani, hugonga mdomo wake kwenye mwamba hadi ung'oke, kisha hung'oa kucha na manyoya yote, hukaa siku 150, ndipo anarudi kijana. Hata mimi niliihubiri, na watu wakalia.

Lakini ndugu yangu, hadithi hiyo SI KWELI! Tai asiye na mdomo atararuaje nyama? Asiye na manyoya atarukaje? Atakufa njaa kabla siku hizo hazijaisha. Zaburi inataja ujana kurudishwa kama wa tai. Haitaji mwamba wala mdomo kung'olewa.

Kwa nini nasema haya? Maana hadithi hiyo inaweza kuvunja nyumba. Mtu anauza nyavu, anaacha mke na watoto hawana hata unga, anasema, "Nakwenda kufanywa upya kama tai." Kufunga na kuomba ni kwema. Lakini akirudi hana nyavu, watoto wanaumwa njaa, na hasira zake ni zile zile!

Hebu basi tumtazame tai mwenyewe. Sisi watu wa Mbegani na Bagamoyo tunaye furukombe, yule tai mla samaki, mwenye kichwa cheupe na sauti inayosikika mbali. Ana mafundisho matatu.

1. HUBADILIKA HUKU ANARUKA. Tai huangusha manyoya ya mabawa machache machache, na mapya huota mahali pake. Kwa tai wakubwa kazi hiyo huchukua zaidi ya mwaka. Wakati wote huo anawinda na kulisha makinda. Mdomo na kucha navyo hukua siku zote, na kazi ndiyo inayovisugua. Kumbe kufanywa upya si tamasha la siku moja!

2. HUTULIA AKITAZAMA. Furukombe hushinda sehemu kubwa ya siku juu ya mti. Usidhani ni mvivu. Anatazama maji. Akimwona samaki karibu na uso wa maji, hushuka mara moja. Wewe je, unaingia deni au ndoa kabla hujatazama?

3. MZIGO UKIMZIDI, HUUBURUTA. Samaki akiwa mzito mno, furukombe hawezi kupaa naye. Basi humburuta juu ya maji, akipiga mabawa kama makasia mpaka nchi kavu. Si fahari kuona, lakini samaki anafika. Usione aibu kulipa deni lako kidogo kidogo.

Angalizo: usiige kila kitu! Furukombe pia hupora samaki wa ndege wenzake. Tunajifunza kwake, lakini yeye si mwalimu wa haki.

Sasa ndugu, dada, usingoje mlima. Wiki hii uangushe unyoya MMOJA tu. Labda ni chupa ya jioni. Labda ni uongo unaomwambia mkeo kuhusu fedha. Labda ni jirani ambaye humsalimii. Omba nguvu, uuache huo, na kesho asubuhi uende kazini kama kawaida. Ukiota mpya, angusha mwingine.

Je, wako ni upi? Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo hii, kabla hujalala.

Bwana akubariki.