Folda moja, Vim tatu

Umeme wa Bukavu unatoka Ruzizi, mto unaoliacha Ziwa Kivu hapa hapa mjini, lakini delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haimruki mtu, awe Ibanda, Kadutu au Bagira. Fundi anayejenga programu kutoka msimbo chanzo huzoea mapema kuhesabu saa za umeme na mega za intaneti. Tena mashini zinazomfikia hazifanani: kompyuta mpya ya mwanafunzi, ya mezani iliyochoka, seva isiyo hata na skrini.

Nilianza vibaya. Nilikuwa na folda tatu za msimbo wa Vim, kihariri cha maandishi, moja kwa kila aina ya mashini, na katika kila folda nilifuta kwa mkono nisichokihitaji. Yakatoka marekebisho ya usalama. Nikayatia kwenye folda mbili, ya tatu nikaisahau kwa wiki kadhaa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya seva. Tangu hapo nina folda moja tu. Tofauti zote zinaamuliwa na flagi, yaani maneno anayoandika fundi kabla ya ujenzi ili kusema kipi kiingie na kipi kibaki nje.

Vim inafaa sana kwa kujifunzia, na ina undugu na kanda yetu. Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 alijitolea kwa mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, akisaidia kazi za maji na usafi, na baadaye akawaomba watumiaji wa Vim wawachangie watoto hao. Alifariki 2023. Ukiandika :help uganda ndani ya Vim utaikuta Kibaale.

Katika msimbo wa Vim, sehemu nyingi zimefungwa kwa #ifdef: zisomwe tu ikiwa jina fulani limetajwa. Amri ya ./configure hupokea flagi na kuyaandika majina hayo kwenye faili la config.h, kisha kompaila huziruka sehemu zisizotajwa. Kilichorukwa hakikufichwa, hakimo kabisa. Ndiyo maana Vim ndogo humalizika kujengwa mapema, kabla umeme haujakatika.

Kwa seva:

./configure --with-features=tiny --enable-gui=no --without-x --disable-nls

Kwa mwanafunzi anayeandika Python:

./configure --with-features=huge --enable-python3interp=yes --enable-fail-if-missing

Flagi hiyo ya mwisho isiachwe. Bila hiyo, configure ikikosa faili za Python inaendelea na kazi kana kwamba hukuomba kitu, na unapata Vim isiyo na Python. Nilimkabidhi mwanafunzi mmoja Vim ya namna hiyo, akarudi kesho yake na mashini mkononi. Siku hizi kabla ya kumpa mtu chochote naendesha src/vim --version na kusoma alama: +python3 maana yake imo, -python3 maana yake haimo. Dakika moja tu, na mtu haipandi tena milima ya Bukavu bure.

Tiny nayo ina mipaka yake. Haina eval, kwa hiyo haiwezi kuendesha skripti za Vim, na haipaki msimbo rangi. Kwa kurekebisha faili za mipangilio kwenye seva inatosha kabisa. Mtu anayeshinda siku nzima akiandika programu asipewe.

Kabla ya kubadilisha flagi, endesha make distclean, la sivyo mabaki ya ujenzi uliopita yatachanganyika na mapya. Anayetaka kutunza aina zote kwa pamoja aingie src na kuandika make shadow SHADOWDIR=ndogo: inazaliwa folda ya viungo tu, msimbo wenyewe ukibaki ule ule mmoja.

Watu wa Debian, mfumo wa uendeshaji wa Linux, wanafanya kazi ya namna hii kwa ukubwa zaidi. Kutoka chanzo kimoja cha Vim wanatoa vim-tiny, vim-nox na vim-gtk3, kila kimoja kwa flagi zake. Ikiwa mojawapo inakutosha, ichukue kwa apt na uokoe umeme wako.

Flagi zangu sizihifadhi kichwani. Kila aina ina faili lake dogo, seva.sh, mwanafunzi.sh, mezani.sh, yote ndani ya git kando ya msimbo. Kila moja lina pia --with-compiledby na jina la aina hiyo, mfano seva-ndogo. Mashini ikirudi baada ya mwaka, vim --version inanionyesha jina hilo, nami najua ni faili lipi la kufungua.