Picard na Shepard Meza Moja

SWALI: Nataka kuandika hadithi inayokutanisha Star Trek na mchezo wa Mass Effect. Nianze na meli, silaha au wahusika?

JIBU: Anza na sheria za kila ulimwengu. Katika Star Trek, iliyoanza kurushwa mwaka 1966, Starfleet, kikosi cha meli za anga, hairuhusiwi kuingilia jamii ambazo bado hazijaweza kusafiri kati ya nyota. Katika Mass Effect, mchezo uliotoka mwaka 2007, mambo ni kinyume: viumbe waitwao Wasalarian waliwapa viumbe wengine, Wakrogan, teknolojia ili wawapiganie vita dhidi ya maadui wao Warachni. Baadaye Wakrogan walipoasi, waliambukizwa ugonjwa wa kupunguza uzazi, uliobuniwa na Wasalarian haohao.

Hapo ndipo penye hadithi. Mketishe Kapteni Picard wa Starfleet na Mordin, mwanasayansi Msalarian aliyeuboresha ugonjwa huo, huku Wrex, Mkrogan, akisikiliza.

Usafiri nao utakusaidia. Enterprise, meli ya Picard, hujitegemea, ilhali Normandy, meli ya Kamanda Shepard wa Mass Effect, kwa safari ndefu hutegemea mitambo ya kale ya kurushia meli. Izime mitambo hiyo, na Shepard atalazimika kuomba lifti. Nani ana bunduki kubwa zaidi? Waachie wabishi wa kijiweni.